Mchanga Mweusi wa Ntobeye

Wiki ya pili tangu nirudishe funguo za maabara, Anitha, binti aliyekalia kiti changu, alinipigia simu. Alikuwa anapitia daftari la vituo vya maji, na kwenye ukurasa wa Ntobeye alikuta nimeandika kwa wino mwekundu: MCHANGA HUU USIOSHWE. Aliuliza kama yale ni maelekezo ya kitaalamu au nilikuwa na hasira na mtu. Nilimwambia ni vyote viwili, na kwamba nitamwandikia. Nilidhani kurasa mbili zingetosha. Mtu akistaafu ndipo anagundua ana maneno mengi kuliko yale aliyoruhusiwa kuyaweka kwenye ripoti.

Habari za vyeo sitaziandika. Cheo changu cha mwisho kipo kwenye barua ya kustaafu, mwenye haja nacho atakikuta kwenye faili. Nawaandikia ninyi mnaopanda pikipiki na kisanduku cha chupa kutoka Biharamulo hadi mpakani Ngara, mnaorudi na vumbi jekundu kwenye nyusi, na ambao siku moja mtasimama mbele ya watu na karatasi ya majibu mkononi. Mimi nilisimama hivyo mara nyingi. Mara moja nilisimama vibaya, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Nilianza kazi nina miaka ishirini, nimetoka Nyamigogo kwa wazazi wakulima wa mihogo na maharage. Maabara niliyokuwa naijua ni ya shuleni kwetu, iliyokuwa na fuvu la ng'ombe na mizani mbovu. Walinipa kazi ya kuosha chupa. Niliona wamenidharau, kwa sababu kuosha vyombo nilikuwa nimemwachia mdogo wangu nyumbani. Kumbe chupa ya sampuli haioshwi kama kikombe. Inaoshwa kwa sabuni, inalowekwa kwenye asidi hafifu usiku kucha, inasuuzwa mara tatu kwa maji safi ya maabara, kisha inafungwa ikiwa bado na unyevu ili vumbi lisipate nafasi. Nilifanya kazi hiyo miezi minane. Hadi leo mjukuu wangu akiosha glasi mara moja tu nanyamaza kwa taabu.

Aliyenifundisha ni Mzee Salapioni, mkemia wa maji, mzaliwa wa Bisibo. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mwenye shati moja la kijivu la kazi ambalo nadhani lilikuwa mashati matatu yanayofanana. Mezani kwake kulikuwa na jiwe jeusi la ukubwa wa kiazi, zito, lenye ngozi ya vipele, lililokatwa katikati kwa msumeno. Kila mwajiriwa mpya alikalishwa mbele ya jiwe hilo kabla ya kuonyeshwa hata choo kilipo.

Jiwe lilitoka chini ya bahari. Mzee Salapioni alisomea ng'ambo, na chuo chake kilimpeleka yeye na wenzake kwenye meli ya utafiti. Alitapika siku nne, ya tano akazoea. Walikuwa wanashusha sanduku la chuma kwa waya mrefu, karibu kilomita tano kwenda chini, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Kushusha na kupandisha kulichukua nusu siku. Sanduku lilipofunguka kwenye sitaha kulikuwa na tope la kahawia, baridi kama maji ya mtungini, na juu ya tope vimelala hivyo viazi vyeusi. Alipewa kimoja, akakifunga ndani ya soksi, akarudi nacho Bisibo. Mama yake alimuuliza kama miaka yote ile ng'ambo alikuwa anasomea mawe.

Somo lake lilikuwa hili, nami naliandika kama alivyotusomesha. Maji yaliyofichika mbali na hewa, yawe ya ndani ya tope la bahari au ya chini ya mwamba wa Ngara, hubeba chuma na manganizi, madini meusi jamaa ya chuma, vikiwa vimeyeyuka. Huvioni. Maji ni meupe kabisa. Yakikutana na oksijeni, vyote viwili huacha kuyeyuka na hugeuka kitu kigumu, kama kutu. Lakini haviachi kwa pamoja. Chuma kina haraka. Kwenye sakafu ya bahari kuna nyufa zinazotoa maji moto, na chuma kinachotoka humo hutua karibu na mdomo wa ufa. Manganizi huendelea na safari, hubebwa na mikondo mbali sana, na haitui mpaka ipate kitu cha kushika. Ikikuta manganizi iliyotangulia, hapo hushika kwa wepesi zaidi kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana jiwe lile lilikuwa na matabaka kama kitunguu. Katikati yake kulikuwa na kipande cha jino la papa, ambacho ndicho cha kwanza kushikwa. Tabaka la unene wa ukucha, alisema Mzee, limechukua muda mrefu kuliko umri wa kabila lolote unalolijua.

Tuliyakariri hayo. Mimi niliyakariri kuliko wote, na baadaye niliwafundisha wengine kwa jiwe hilohilo. Kukariri na kujua ni vitu viwili, na kati ya hivyo kuna mtu mmoja wa Ntobeye.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Nilipelekwa Nyakahura kuchukua maji ya kisima, nikasahau kutia yale matone ya asidi kwenye chupa. Asidi hiyo huvizuia chuma na manganizi visitue njiani. Kesho yake nikapima, chuma hakuna. Nikaandika hakuna, nikaona fahari. Mzee Salapioni alichukua chupa, akamwaga maji, akaniambia niingize kidole nisugue ukuta wake kwa ndani. Kidole kilitoka chekundu. Chuma chote cha Nyakahura kilikuwa kimekaa kwenye plastiki kinanisubiri. Hakunigombeza. Alinipa pikipiki nirudi Nyakahura, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kosa la pili halikuwa langu. Wanaume wa kitongoji kimoja cha Bisibo walileta habari kwamba wamegundua mafuta ya petroli kwenye chemchemi yao. Walikuwa wameshaweka walinzi. Kweli juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi rangi. Mzee akachukua kijiti, akaugusa utando, ukavunjika vipande vipande kama barafu nyembamba. Mafuta ukiyagusa hurudi kuungana, akawaeleza, lakini huu ni utando wa vijidudu vinavyokula chuma. Walinzi walisikitika sana. Mmoja alimuuliza Mzee kama hawezi kupima tena kwa mashine kubwa zaidi.

Sasa Ntobeye. Kisima kirefu kilichimbwa huko na maji yake yalitoka meupe, ila yakikaa kwenye ndoo saa moja yanakuwa mekundu. Ilikuwa kazi ya mwisho ya Mzee Salapioni kabla ya kustaafu. Alijenga ngazi tano za zege ili maji yadondoke yakipata hewa, kisha yaingie kwenye tangi la mchanga na kokoto, kisha yaende bombani. Mtunza pampu aliitwa Silvani. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye hajazaliwa. Alizaliwa Ntobeye, akasoma Ntobeye, akaoa Ntobeye, na kijiji kilimpa nyumba ndogo jirani na pampu. Kila Jumamosi alikwangua tope jekundu juu ya mchanga, na kila asubuhi aliandika usomaji wa mita kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mzee alistaafu, kituo kikawa chini yangu. Mwaka na nusu ukapita bila malalamiko. Halafu ikaja taarifa kwamba wageni wa kukagua miradi watapita Ntobeye, nami nikatangulia siku tatu kabla. Nilifunua tangi. Juu mchanga ulikuwa na wekundu wake wa kawaida, lakini nilipochimbua kidogo kwa mkono ulikuwa mweusi tii, kama masizi ya chungu. Niliona aibu kana kwamba wageni wamekwisha kufika na kuniona nimechafuka.

Nilimuuliza Silvani huo ni uchafu gani. Alijibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha shule, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Siyo uchafu, mama. Mchanga ulipokuwa mweupe, wanawake walilalamika sufuria zinaota utando mweusi. Ulipoanza kuwa mweusi huu mchanga, sufuria zikaacha. Naona ule weusi unabaki humu badala ya kwenda kule."

Someni tena maneno hayo, wadogo zangu. Mtu ambaye hajawahi kuona jiwe la Mzee Salapioni alikuwa amenieleza somo zima la jiwe hilo, kwa kutazama tu. Chuma kilitua juu, kwenye ngazi na kwenye uso wa mchanga, kwa sababu kina haraka. Manganizi ilipenya chini, ikashika punje za mchanga, na iliyofuata ikaishika ile iliyotangulia. Tangi lile lilikuwa linafanya kazi ya sakafu ya bahari, na koti lile jeusi ndilo lililokuwa linasafisha maji. Mimi nilimwambia kwamba mtaalamu hukagua kwa vipimo, hakagui kwa sufuria. Ukweli ni kwamba kipimo cha manganizi sikuwa nimekifanya pale zaidi ya mwaka. Kemikali yake ilikuwa imeisha, na kwa kuwa maji yalikuwa mazuri sikuona haraka ya kuagiza nyingine.

Nilimwachia dumu la asidi, nikamwelekeza namna ya kuichanganya na maji, nikamwambia autoe mchanga, auoshe mpaka uwe mweupe, ausuuze vizuri, aurudishe. Alinitazama kidogo kisha akasema sawa mama. Nikaondoka kwenda Rulenge, kwenye vituo vingine. Hakuna aliyenisikia nikimwagiza. Tulikuwa wawili.

Silvani aliosha siku mbili. Asidi ilipokutana na ule weusi ikatoa harufu ya kukaba koo, naye akajifunga kitambaa puani akaendelea. Watu waliokwenda shambani walimwona hivyo, amefunga uso, anamimina kitu kutoka kwenye dumu. Wageni walikuja, wakafunua tangi, wakaona mchanga mweupe, wakanisifu. Nilipokea sifa hizo bila kumtazama mtu yeyote.

Haikuchukua hata wiki tatu. Maji yalianza kuwa na ladha ya kukwaruza ulimi na sufuria zikaota utando. Halafu ikaja Komunyo ya kwanza. Akina mama wa Ntobeye walifua magauni na mashati meupe ya watoto, wakatia dawa ya kung'arishia, na dawa ile ikafanya kwa dakika chache kile ambacho hewa ingefanya kwa siku nyingi. Nguo zilitoka na mabaka ya kahawia na meusi yasiyotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Watoto walipokea Komunyo wamevaa sare za shule. Bibi mmoja aitwaye Magdalena, ambaye alikuwa ameshona gauni la mjukuu wake kwa mkono, alilibeba gauni hilo mpaka ofisi ya kijiji akalitandaza juu ya meza.

Hapo ndipo kitambaa puani na dumu vilipokumbukwa. Ikasemwa Silvani ametia sumu kwenye tangi. Ikasemwa alikuwa na kinyongo na kamati ya maji. Ikasemwa pia jambo ambalo halikuwa limesemwa kwa miaka mingi, kwamba yule si mtu wa hapa. Watu wakaacha bomba wakarudi kuchota bondeni, na watoto wakaanza kuharisha. Kijiji kikaomba mtaalamu aje apime sumu, na mtaalamu nilikuwa mimi.

Nilichukua maji, safari hii asidi sikuisahau. Kule maabara, chuma karibu hakikuwepo. Kwa manganizi niliazima kemikali kutoka maabara nyingine. Ukiitia na kuchemsha, maji yenye manganizi hugeuka zambarau, na ukolevu wa rangi ndio jibu. Yalikolea kama juisi ya zabibu. Nilikaa nikiitazama ile zambarau na nikaelewa kila kitu, kuanzia kwenye dumu hadi kwenye gauni. Sijawahi kuogopa maji kama siku ile.

Nilikwenda Bisibo kwa Mzee Salapioni. Nilimkuta anapalilia kahawa, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuuliza nimefuata nini. Nilimweleza majibu. Aliuliza swali moja tu, kama mchanga ulioshwa. Nikasema ndiyo. Akauliza nani aliagiza. Nikasema mimi. Aliweka jembe chini, akasema kwamba mchanga uliooshwa utahitaji miezi mingi kuvaa koti lile tena, labda mwaka, isipokuwa tukipata mchanga mweusi wa kuanzishia, na huo nimeuosha wote. Kuhusu Silvani hakusema neno. Nilitamani aseme, ili niwe na wa kumtii.

Niliandika ripoti. Nilisoma mbele ya mkutano wa kijiji kwamba hakuna sumu yoyote, na kwamba hali iliyojitokeza inatokana na mabadiliko ya kikemia ya kawaida katika maji ya ardhini. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nilikuwa nimefikiri kwamba nikisema hakuna sumu, Silvani atakuwa salama. Watu hawakusikia hivyo. Walisikia mama wa ofisini akisema maneno marefu ya Kiswahili, na dumu likabaki palepale lilipokuwa.

Silvani alisimama. Hakuwatazama watu, alinitazama mimi.

"Mama, naomba useme. Kuosha mchanga yalikuwa maagizo ya nani?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa kubwa kama mlango. Nikasema, "Ulioshwa kwa utaratibu wa matunzo."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji yake, akakaa. Angeweza kunitaja. Nadhani aliona kwamba neno lake mbele ya langu lisingekuwa na uzito, au aliona aibu kwa niaba yangu. Mkutano ulimwondoa. Alikabidhi ufunguo wa pampu na nyumba, na kabla ya Jumapili alikuwa ameondoka na mke na watoto watatu. Mimi nilirudi Biharamulo na Landrova ya ofisi. Dereva alikuwa anapiga soga, nikamjibu kila alichosema, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka, kwamba niliweza kupiga soga.

Miezi miwili nilifanya kazi kama kawaida. Ntobeye mchanga ulibaki mweupe na watu waliendelea kuchota bondeni. Halafu nilikwenda Nyamigogo kumwona mama yangu mgonjwa wa miguu. Katika mazungumzo akanieleza kuna familia imehamia jirani, imetoka Ngara, inalima vibarua. Alimsifu yule baba kwa heshima zake. Ana jambo moja la ajabu, mama akasema. Akija kisimani anasimama pembeni mpaka watu wote wachote wamalize na waondoke, ndipo anasogea. Mama alimuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba hataki awe karibu na maji ya watu.

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima nina watoto wa sekondari. Hakunielewa, akadhani ni miguu yake.

Nilimkuta Silvani shambani kwa watu, anavuna mihogo. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri, akanitafutia gogo la kukalia. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba yeye alikuwa sahihi kuhusu mchanga na mimi nilikosea, na kwamba nitaandika ripoti nyingine ili arudishwe kazini. Alisikiliza mpaka mwisho akipangusa udongo kwenye mhogo mmoja.

"Ripoti uliandika ya kwanza," alisema. "Kama ni kurudi, mama, sema mbele ya watu walewale. Na usiseme kwa Kiswahili. Sema kwa Kihangaza, bibi zetu wasikie."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Siku ile ya kuosha hakuosha mchanga wote. Madebe mawili ya mchanga mweusi aliyaweka kando, akayafunika kwa majani ya migomba nyuma ya nyumba, akiyamwagia maji ili yasikauke. Nilimuuliza kwa nini. Akasema aliona kama nimekosea, lakini hakuona namna ya kunikatalia, kwa hiyo alinitunzia.

Mimi ni Msubi. Kihangaza changu ni cha sokoni, cha kuulizia bei ya ndizi. Nilikaa siku tatu na mfanyakazi mwenzangu wa Ngara ananifundisha namna ya kusema niliyoyafanya, na kila nilipojaribu kuanza na kisima, na kemia, na hali ya maji, alinisimamisha akaniambia bibi yake hapo hajaelewa nani kafanya nini. Mwishowe yakabaki maneno machache sana. Mchanga ulikuwa mzuri. Mimi nilimwambia aoshe. Yeye aliniambia siyo uchafu. Amazi, yaani maji, yaliharibika kwa sababu yangu. Mkaniuliza, nikaficha.

Niliyasema uwanjani palepale penye mkutano wa kwanza, nikiwa nimesimama, bila karatasi. Nilikosea matamshi na hakuna aliyecheka. Silvani alikuwa amekuja, amekaa nyuma kabisa na mke wake. Nilipomaliza, Bibi Magdalena akauliza kwa Kihangaza kama ni kweli basi kwamba wamemfukuza mtu bure. Nikajibu ndiyo. Akauliza tena, kama nilijua siku ileile alipokuwa anafukuzwa. Nikajibu nilijua. Alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeinuka akaenda nyuma mpaka alipokuwa Silvani, akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Ofisini nilipewa barua ya onyo na ilinistahili. Tuliufunua ule mchanga wa madebe mawili, ukiwa bado na unyevu kwa sababu mvua zilikuwa nzuri, tukauchanganya na ule mweupe. Baada ya wiki chache mchanga ulianza kuingia weusi na sufuria zikaanza kutakata. Mzee Salapioni alifika mara moja kuuona kabla hajafariki. Aliuchota kiganjani, akampongeza Silvani, akarudi Bisibo. Watu waliacha bonde, wakarudi bombani. Kwa vipimo vyote, Anitha, kituo cha Ntobeye ni kati ya vituo bora mlivyonavyo.

Lakini kuna kitu hakikurudi, na hicho hakipo kwenye daftari. Silvani wa mwanzo alikuwa ananiambia anachokiona. Maji yakichelewa kushuka kwenye ngazi, tope likibadilika rangi, sauti ya pampu ikiwa na mkwaruzo, nilikuwa nayajua kabla sijashuka kwenye pikipiki, naye alikuwa na maoni yake kwa kila moja. Aliporudi kazini alikuwa mwenye adabu ileile. Alinikaribisha, alinipa kiti, watoto wake waliniamkia. Kazi aliifanya bila kasoro. Maoni hakunipa tena.

Nilidhani ni suala la muda. Nilikwenda pale kila robo mwaka mpaka nastaafu, na kila mara nilimuuliza anauonaje mchanga, kisha nikanyamaza makusudi, nimwachie nafasi ya kutosha. Safari ya mwisho nilimwambia kwamba sitarudi tena, kwamba nimemaliza, na ningependa kusikia anavyoona yeye.

Silvani alifunua tangi, akautazama mchanga kwa muda. Niliona kwamba ameona kitu. Midomo yake ilianza kufunguka.

"Wewe ndiye mtaalamu, mama," alisema, akafunika tangi, akanipa kitabu cha vipimo nitie sahihi.